Uliza Ujibiwe: Macho yangu yanatembea kwenye kamera

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni bwana shamba huku Newala. Narekodi video fupi za wakulima wa korosho na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Zamani nilikuwa nasahau nusu ya maneno, nikapakua programu ya teleprompta, ile inayopandisha maandishi kwenye kioo cha simu uyasome huku unajirekodi. Sasa sisahau, lakini wakulima wananicheka: wanasema macho yanatembea huku na huku, na sauti ni ya mtu anayesoma tangazo la mkutano. Simu nailaza, naiweka kwenye stendi umbali wa mkono, najirekodi kwa kamera ya mbele. Nikipunguza mwendo wa maandishi nachoka kuyasubiri, nikiongeza nakimbizana nayo. Nifanyeje? Nakutumia klipu moja na maandishi yake.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Klipu nimeitazama, na wakulima wako hawajakuonea. Macho tutayamaliza leo leo. Maandishi ndiyo yenye kazi.

Simu ukiilaza, lenzi ya mbele inahamia pembeni, na mistari inajaa kioo kizima. Wewe unasoma katikati, mkulima anaona unamwangalia mtu aliyesimama nyuma yake. Isimamishe wima. Sogeza maandishi juu kabisa, yakae chini tu ya lenzi, kisha bana kingo mpaka mstari ubebe maneno matatu, manne yakiwa mafupi. Halafu rudi nyuma, mita moja na nusu hadi mbili, ukuze herufi mpaka uzisome bila kukunja uso. Ukiwa mbali, jicho halihitaji kuzunguka sana kumaliza mstari, na anayekutazama hauoni mwendo wake. Ubaya ni kwamba sauti nayo itakuwa mbali, na Newala juu kule upepo unaujua. Tafuta kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati, chenye kofia ya sponji. Ukirekodia shambani, wewe na simu wote muwe chini ya mkorosho, maana juani hakuna herufi inayosomeka.

Kuhusu kukimbizana: Mwingereza asiye na haraka hutoa kama maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Hesabu hiyo ukiipachika kwenye Kiswahili chenye "yasiyopuliziwa" na "watakaochelewa" utapaliwa. Anza chini kabisa, upandishe kidogo kidogo. Ila hata hapo hujapona, kwa sababu hakuna mtu anayeongea kwa mwendo mmoja. Teleprompta ilipoanza Marekani mwaka 1950, maandishi yalikuwa kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa, na pembeni alikuwepo mtu wa kuizungusha huku akimsikiliza msemaji. Msemaji akivuta pumzi, karatasi inasubiri. Rais mstaafu Herbert Hoover alipohutubia nayo mkutano wa chama cha Republican kule Chicago mwaka 1952, kazi ilikuwa hiyo hiyo: mtambo unamfuata mtu. Kwenye simu yako mambo yamegeuka, wewe ndiye unayeufuata mtambo, na sauti ya tangazo inatokea hapo.

Basi rudisha yule mtu wa pembeni. Programu nyingi zinakubali rimoti ndogo ya Bluetooth, nyingine zinaongozwa kwa simu ya pili. Mpe mdogo wako aishike, mwambie akufuate wewe, asikuharakishe. Zipo pia zinazosikiliza sauti na kusogeza maandishi zenyewe. Hizo, kabla hujalipa, angalia kama Kiswahili kimo kwenye orodha yake ya lugha, la sivyo utabaki unaitukana simu.

Sasa maandishi. Umeandika hivi: "Ubwiri unga ni ugonjwa unaosababishwa na kuvu ambao hushambulia machipukizi, maua na korosho changa na hivyo kupelekea upungufu mkubwa wa mavuno." Ni sahihi, na kwenye ripoti ya wilaya ungesifiwa. Lakini mwambie hivyo mkulima uso kwa uso uone atakavyokuitikia "ndiyo bwana shamba" huku akitafuta njia ya kuondoka. Mimi ningesema: "Kaangalie maua ya mikorosho yako. Ukiona yamepigwa kitu cheupe kama yamemwagiwa sembe, huo ndio ubwiri unga. Ukiuacha, maua yanakauka, na korosho huzipati. Piga salfa alfajiri, umande haujakauka, upepo haujaamka."

Usikae mezani kuyatunga. Mfuate mzee mmoja pale chama cha msingi, muombe ruhusa urekodi, mweleze jambo lenyewe. Ukirudi nyumbani andika ulivyosema, na maswali yake uyaache humo humo. Kisha yapange kwa kusomwa. Redioni, nilipokuwa nasoma habari, tulipiga mikwaju ya penseli kila mahali pa kuvuta pumzi. Wewe acha mstari mtupu. Tarakimu ziandike kwa maneno, kwa sababu "1,250" inayopanda juu itakukwamisha mdomo wazi. Na zima taarifa za simu, usije ukawa unaeleza salfa huku ujumbe wa muamala umeziba mstari.

Salamu usiiandike kabisa. Nani anasoma salamu? Na ukifika pa kuonyesha ua lenye ugonjwa, achana na teleprompta, shika tawi, geuza kamera, ongea unachokiona.

SWALI: Mama, nauza vitenge mtandaoni, niko Lindi mjini. Nimeona watangazaji wana kioo mbele ya kamera, wanachosomea maneno. Fundi wa madirisha anaweza kunikatia?

JIBU: Anaweza, ila matokeo yatakukera. Kile kioo kimepakwa dawa upande mmoja, kinarudisha sehemu ndogo ya mwanga na kuachia sehemu kubwa ipite kwenda kwenye kamera. Cha dirisha kinaakisi pande zote mbili, hivyo kila herufi itakuwa na kivuli chake, na kikiwa kinene ndiyo zaidi. Ukitaka kujaribu, chukua chembamba, kiinamishe nyuzi 45, simu yenye maandishi ilale chini yake, kamera ikae nyuma na kufunikwa kitambaa cheusi isiingize mwanga. Kwenye programu bonyeza kitufe cha kugeuza maandishi, bila hivyo utayaona kinyume.

Lakini vitenge, mwanangu? Kitenge kiko mkononi, bei unaijua, na mteja anataka kuona kikikunjuliwa. Hiyo hela ya kioo nunulia taa.