Maswali ya Safari: Belize, Pwani Isiyojua Bamvua

Belize ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, iliyopakana na Mexico kaskazini na Guatemala magharibi na kusini, huku upande wote wa mashariki ukiitazama Bahari ya Karibi. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 21 Septemba 1981, na Kiingereza ndicho lugha yake rasmi hadi leo. Barua nne zilizotufikia kuhusu nchi hiyo tunazijibu hapa kwa pamoja.

*Mimi na mke wangu tungependa kwenda Belize mwezi wa Aprili, lakini Aprili kwetu ni masika. Je, kule mvua zikoje? Na fukwe zao zinalingana na za Diani?*
Msomaji, Nyali, Mombasa

Mmechagua vizuri, pengine bila kujua. Wakati masika yanapotunyeshea sisi, Belize huwa katika miezi yake mikavu, inayoanza takriban Februari na kuishia Mei. Mvua zao huanza Juni, na msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo mkiona hoteli za Septemba zina bei ya kutupa, fahamuni kwamba bei hiyo ina sababu. Wenyeji hawalichukulii jambo hili kwa mzaha: kimbunga Hattie kiliuharibu vibaya mji wa Belize City mwishoni mwa Oktoba 1961, na kutokana na maafa hayo serikali ikajenga mji mkuu mpya, Belmopan, mbali na bahari. Kumbukeni pia kwamba mvua haigawanyiki sawa, kwani wilaya ya Toledo kusini hupata zaidi ya maradufu ya ile inayonyesha kaskazini.

Kuhusu fukwe, nitasema wazi ili msije mkalaumiana mkifika. Anayetafuta mchanga mpana na mweupe kama wa Diani asiende Belize kwa ajili hiyo. Visiwa vingi ni vya mikoko, ufuo ni mwembamba, na mara nyingi watu huingia majini kutoka kwenye magati ya mbao. Uzuri wa nchi hiyo uko chini ya maji, katika mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilomita zipatazo 300, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani yetu hulistaajabia siku ya kwanza tu. Nilipokuwa kwenye kisiwa cha Caye Caulker nilikaa gatini tangu asubuhi nikisubiri maji yatoke, nikitazama alama ya chaza kwenye nguzo, na hadi jua lilipoelekea kutua alama ile ilikuwa palepale, imelowa kidogo juu na kidogo chini. Mombasa wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kule haizidi sana shubiri moja. Kwa hiyo msitarajie kutembea kwa miguu hadi mwambani maji yakipwa, kama tufanyavyo huku. Lazima mpande boti, na karibu na kisiwa cha Ambergris safari hiyo ni fupi, lakini kadiri mnavyokwenda kusini ndivyo mwamba unavyojitenga na nchi kavu.

Kwa wasio wapiga mbizi, hifadhi ya Hol Chan, iliyoanzishwa mwaka 1987, ina faida kuliko lile Shimo la Buluu, shimo la duara lililo chini ya bahari, linalopigwa picha sana. Shimo hilo lina upana wa mita 300 hivi na kina cha zaidi ya mita 120. Vivutio vyake viko chini sana, na mwenye miwani na mrija wa kupumulia atalipia safari ndefu ya boti ili kuona giza. Ulizeni pia kuhusu sagasamu kabla ya kulipia chumba. Huu ni mwani wa kahawia unaoelea, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukisukumwa na upepo hadi pwani za Karibi katika baadhi ya miezi. Mtu wa Paje, kule Unguja wanakolima mwani, akisikia neno hilo atafikiria mavuno, lakini huu ukirundikana ufukweni huoza na kunuka kama yai viza.

*Nina pasipoti ya Tanzania. Nipitie wapi, na nijiandae vipi kiafya?*
Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Kosa linalowagharimu wengi ni kununua tiketi ya bei nafuu inayopitia Marekani bila kujua kwamba Marekani hudai viza hata kwa abiria anayebadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Kama huna viza hiyo, tafuta njia ya kupitia Panama au Mexico, kisha uthibitishe masharti ya kila nchi utakayoikanyaga, pamoja na Belize yenyewe, kwa idara zao za uhamiaji kabla ya kulipa chochote. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wakumbuke kwamba hata viwanja vya ndege vya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, huwadai viza ya kupitia.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake sasa hudumu maisha yote. Malaria haitakusumbua kule, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani liliitangaza Belize kuwa huru na malaria mwaka 2023, lakini dengi, yaani kidingapopo, ipo. Hata hivyo ukishikwa na homa wiki za mwanzo, mwambie daktari mapema kwamba umetoka Tanzania. Malaria uliyoondoka nayo nyumbani inaweza kukulipukia huko, na daktari asiyeiona kila siku huenda asiifikirie. Jihadhari pia na usubi wa jioni katika fukwe za Hopkins na Placencia.

*Nibebe fedha gani, na vifaa vyangu vya umeme vitafanya kazi?*
Msomaji, Nakuru

Dola 2 za Belize ni sawa na dola 1 ya Marekani, na zote mbili hupokelewa madukani. Ukitajiwa bei, uliza ni dola ipi kabla ya kukubali, hasa kwenye teksi, ambazo hazina mita. Umeme wao ni volti 110 na soketi ni za Kimarekani: chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na adapta, ila birika la kutoka Nakuru litakuchosha kulisubiri. Magari hupita kulia, kwa hiyo angalia kushoto kwanza unapovuka barabara.

*Mimi ni Mwislamu. Nimesikia wanapika kwa nazi kama sisi. Je, nitapata chakula bila taabu?*
Msomaji, Mji Mkongwe, Zanzibar

Dada yangu, nazi ndiyo inayowaponza wengi. Wali na maharage yao huchemshwa pamoja kwa tui, na harufu yake itakufanya udhani umefika kwa shangazi. Lakini wapishi wengi hutia ndani ya sufuria mkia wa nguruwe uliokaushwa kwa chumvi ili kuongeza ladha, na anayekupakulia huenda akauepusha na sahani yako akidhani amekusaidia. Usiulize kama kuna nyama. Uliza maharage yamepikwa na nini, na tortila, yaani chapati zao, zimekandwa kwa mafuta gani.

Samaki ndiye kimbilio lako, na kambakoche pia, isipokuwa Machi hadi Juni, ambapo uvuvi wake hufungwa kisheria. Ukifika Dangriga au Hopkins, kwa Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi, agiza hudut. Ndizi huchemshwa, kisha hutwangwa kwenye kinu kirefu cha mti hadi zivutike, na huliwa kwa mkono pamoja na mchuzi wa samaki wa nazi. Mwanamke aliyenipikia alinipa mchi nijaribu, akacheka aliponiona najua kuushika.