Mama, usingoje shule ndo uanze kuongea na mtoto wako kiziwi

Kijana wangu aliacha kusikia akiwa na mwaka na nusu, baada ya homa ya uti wa mgongo, alafu mwaka mzima naambiwa tulia mama, wavulana huchelewa kuongea, na mimi nikatulia. Huo mwaka unaniuma mpaka leo. Miaka ya kwanza ndo mtoto anashika lugha, iwe ya mdomo ama ya mikono, na ukikaa tu unangoja asikie anakua bila lugha yoyote, analia na wewe hujui ni tumbo ama ni njaa.

Kwa hivo wazazi wenzangu hapa Busia, upande wa Uganda, na kokote mliko, anzeni nyumbani, leo. Wengi wetu tunasema ataenda shule ya viziwi, kule Ntinda ama Ngora, watamfundisha. Sawa, shule ni lazima, lakini nimeona kwa jirani yangu, mtoto anarudi likizo mikono inaongea mbio mbio na hakuna hata mtu mmoja anayemwelewa, anakula posho yake kando kama mgeni, siku anazohesabu ni za kurudi bweni.

Mimi nilianza na alama tano tu: maji, kula, choo, inauma, njoo. Aliyenifundisha ni kijana kiziwi anayeshona viatu sokoni, na nasema kabisa viziwi wakubwa ndo walimu wazuri kushinda wote, hiyo lugha ni yao, tena mtoto akiwaona anajua na yeye atakuwa mtu mzima mwenye kazi na familia. Kama hujui pa kuanzia tafuta chama cha taifa cha viziwi, UNAD, kipo tangu 1973. Ila sisi wa mpakani tuwe makini, vidio nyingi kwenye simu ni za Kenya ama Marekani na alama zao nyingi si sawa na zetu za Uganda, muulize kiziwi wa kwetu kwanza.

Na lugha isibaki ya mama peke yake. Ukisafiri je? Ukiugua? Mfundishe baba, dada zake, mwenye duka, hata yule wa boda anayempeleka shule. Nyanya yake alikuwa anamwita kasiru, na hilo neno si la kiziwi tu, linamaanisha pia mjinga. Sikugombana naye. Nilimwonyesha picha ya Alex Ndeezi, kiziwi aliyeingia Bunge letu 1996, akaiangalia sana. Alafu mtoto mwenyewe akampa nyanya jina la alama, mkono unazunguka kichwa kama anafunga kitambaa, na tangu apate jina lake bibi anataka kujua kila alama, kuku inakuwaje, mvua inakuwaje, ananiamsha asubuhi kuniuliza.

Kitu kingine ambacho mimi sikuambiwa na mtu ni giza. Umeme ukipotea sisi tunaendelea na stori, yeye amekatwa kabisa, haoni mikono, haoni uso, ndo maana wengi wanapiga kelele usiku na watu wanasema ni mapepo. Weka taa ndogo ya sola karibu na pale analala. Ikiisha chaji shika mikono yake ufanye alama ndani ya viganja vyake polepole, atakuelewa.