Maswali yenu: nahamia jiji kubwa, nikae mtaa gani wa pembezoni?

Maswali ya safari hii karibu yote yamefanana, watu wanahamia jiji kubwa, wengine kazi, wengine wanamfuata mwenza, na kodi ya katikati ya jiji haishikiki kwa hiyo macho yote yako pembezoni. Nimechukua sita. Msimamo wangu niuseme mapema maana utaukuta kila jibu: usianze na nyumba, anza na siku yako ya kawaida, jumanne tu ya kazi, unaamka saa ngapi, unapanda nini, nani anamchukua mtoto, unarudi saa ngapi, afu ndo utafute mtaa unaoweza kuibeba hiyo siku.

Nimepata kazi, naanza miezi miwili ijayo. Kuna nyumba ya vyumba vitatu nje kabisa ya mji, ni saa moja na nusu mpaka kazini, na kuna ya chumba na sebule ya dakika 40. Kodi hazipishani sana. Nina mke na mtoto mmoja. Moyo unataka ile kubwa.

Moyo wako naujua maana na mimi niliufuata. Nilichukua nyumba kubwa ya mbali, sebule ina madirisha mawili mazuri sana, ila jumatatu mpaka ijumaa sikuwahi kuyaona yakiingiza mwanga, natoka giza narudi giza, mtoto kalala, na chumba cha tatu tukaweka maboksi ambayo mpaka tunahama hatukuyafungua.

Hebu piga hesabu na mimi. Saa moja na nusu kwenda na kurudi ni saa 3, zidisha kwa siku 22 za kazi unapata saa 66 kwa mwezi. Ile ya dakika 40 inakula kama saa 29. Tofauti ni karibu saa 37, yani wiki nzima ya kazi kila mwezi uko kwenye siti, au umesimama umeshika bomba. Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitaliano Cesare Marchetti, akiendeleza kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, aliandika kwamba watu wa miji na zama tofauti kabisa huwa wanatumia wastani wa kama saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi imejumlishwa humo. Wewe unataka kwenda mara tatu ya hapo. Na wachumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichambua takwimu za Ujerumani wakakuta wenye safari ndefu ya kazini wanaridhika na maisha kidogo kuliko wenzao, wakati kwa nadharia ya uchumi nyumba nzuri au mshahara mnono ulitakiwa uwafidie. Haukuwafidia.

Afu usilinganishe kodi kwa kodi. Jumlisha kodi na nauli, au kodi na mafuta na matengenezo ya gari. Kuna taasisi moja Chicago inaitwa Center for Neighborhood Technology, kipimo chao ni kwamba nyumba na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45 ya kipato cha kaya. Fanya hiyo hesabu kwa nyumba zote mbili utashangaa ipi ndo ghali.

Mi nasema chukua ndogo. Labda kama mwajiri wako anakuruhusu kufanyia kazi nyumbani siku tatu za wiki, na hilo limeandikwa kwenye mkataba, sio bosi kasema tu kwa mdomo, hapo ile kubwa inaanza kuwa na maana.

Tuna siku mbili tu za kwenda kuona nyumba. Tuangalie nini? Dalali anatukimbiza.

Akiwakimbiza nyie tembeeni. Siku mbili zinatosha kama hamtazimaliza ndani ya vyumba mkikagua makabati.

Cha kwanza maji. Mtaa wa pembezoni mara nyingi umejengwa haraka kuliko mifereji yake, na udongo uliokuwa unanyonya mvua saivi umefunikwa na paa na lami, kwa hiyo maji yanatafuta pa kwenda na yanapata uani kwako. Dalili zipo hata kiangazi. Angalia ukuta wa nje upande wa nyuma, sio wa mbele uliopakwa rangi. Kuna nyumba nilikuwa nimeshaikubali kabisa, nikazunguka nyuma kutafuta kivuli nikaona rangi mpya imeishia usawa wa kiuno tu, juu yake ya zamani. Nikainama. Geti la nyuma chini limeliwa na kutu mpaka lina meno, na ukuta wa jirani ambaye hakupaka rangi ulikuwa na mstari wa tope umenyooka kama umechorwa kwa rula, unakuja juu ya goti langu. Nikamuuliza jirani, akaniambia ni wa mwaka juzi, na mwaka huo maji hayakuwa mengi sana. Mtu ukishaona mstari ule huwezi tena kuisikiliza habari ya vigae vipya. Kwa hiyo gusa kuta, angalia milango ya chini imevimba au la, ona mfereji wa barabarani umejaa nini, na muulize jirani, usimuulize dalali.

Cha pili, nenda kwa saa utakazoishi. Safari ya kupimwa jumapili mchana haikwambii chochote. Simama kituoni saa 12 na nusu asubuhi siku ya kazi, hesabu mabasi mangapi yanapita yamejaa bila kusimama, panda linalosimama mpaka kazini kwako, angalia saa. Afu rudi usiku ufungue dirisha la chumba cha kulala, nyamaza dakika tano. Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya mwaka 2018 lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, na programu za kupima sauti kwenye simu zipo, sio sahihi sana ila zitakuonyesha kama uko 45 au uko 65. Na tofauti hiyo sio ndogo kama inavyoonekana, kila desibeli 10 zinazoongezeka sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili.

Na ukiwa humohumo chumbani piga simu ya video, uone intaneti inashika au inakata.

Dalali anasema mtaa uko mbali kweli ila barabara inapanuliwa, baada ya miaka miwili itakuwa dakika 20 tu. Tununue?

Usinunue ahadi. Kwanza miradi inachelewa, hilo kila mtu analijua. Ila la pili ndo watu hawalijui, hata ikipanuliwa kweli, foleni inarudi. Mchumi wa Marekani Anthony Downs alishaandika mwaka 1962 kwamba barabara kubwa ya mjini ikiongezwa uwezo, magari ya saa za msongamano yanaongezeka mpaka yanaijaza tena, maana waliokuwa wanapita njia nyingine wanahamia, waliokuwa wanatoka mapema wanachelewa kutoka, na wengine kama wewe wananunua nyumba mbali zaidi kwa sababu ya barabara hiyohiyo. Mfano mkubwa ni Katy Freeway ya Houston, upanuzi wake ulikamilika 2008, kuna sehemu ina njia mpaka 26 ukihesabu na za pembeni, na miaka michache baadaye muda wa safari wa saa za msongamano ukawa umerefuka tena.

Treni ni afadhali kuliko barabara maana ina njia yake, lakini subiri mpaka uione inatembea na abiria ndani. Mtaa ukikufaa kwa usafiri uliopo leo, nunua, kikija kipya ni nyongeza.

Mimi kazi yangu iko mashariki ya jiji, mume wangu magharibi kabisa. Kila mtu anatushauri tukae katikati ya hapo. Ni sawa?

Katikati ya ramani sio katikati ya safari, dada. Majiji mengi reli na barabara zake kuu zinaingia katikati kama spoku za gurudumu la baiskeli, kwa hiyo kutoka kiunga kimoja kwenda kiunga kingine unalazimika kuingia mjini kwanza afu utoke. Paris wameliona tatizo hili mpaka wakaamua kujenga Grand Paris Express, kama kilomita 200 za njia mpya za treni, sehemu kubwa inazunguka vitongoji bila kupita katikati.

Chora kila mmoja wenu anafika wapi ndani ya dakika 45 kwa usafiri anaoutumia kweli, afu muangalie hizo ramani mbili zinapokutana. Kama hazikutani kabisa basi kaeni karibu na yule ambaye saa zake hazibadiliki, au anayemchukua mtoto shule. Na mliongee waziwazi kabla hamjasaini, maana anayesafiri mbali kila siku bila kukubali kutoka moyoni, atakuja kulisema siku mmegombana kwa jambo lingine kabisa.

Mtaa tulioupenda watu mtandaoni wanauandika vibaya, eti una wezi sana. Tuamini?

Msiamini wala msipuuze. Sifa ya mtaa inakawia kubadilika, unakuta watu wanarudia habari za miaka 15 nyuma. Na takwimu zisomeni taratibu, kwa kawaida makosa yanagawanywa kwa idadi ya wakazi, sasa mtaa wenye kituo kikubwa cha treni au maduka mengi unaonekana wa hatari maana wanaopita pale ni wengi kuliko wanaolala pale. Angalieni pia ni makosa gani, kuibiwa simu kituoni na kuvunjiwa nyumba ni vitu viwili.

Afu tembeeni kutoka kituoni mpaka mlangoni saa 2 usiku. Taa zinawaka ngapi, kuna watu nje, kuna kipande cha ukuta mrefu mtupu ambacho hakuna dirisha linalokitazama? Mtafuteni mwanamke anayerudi kazini usiku mtaani hapo mumuulize anapita wapi. Akiwaambia huwa anazunguka njia nyingine ndefu, mmeshapata jibu.

Nahamia na mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Dalali anasema duka na zahanati ni "hapo tu".

"Hapo tu" ya dalali ipime kwa miguu ya mama. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 400 kwako ni dakika 5, kwake inaweza kuwa dakika 10 na kupumzika mara mbili. Na usiamini mstari ulionyooka kwenye ramani, unakuta zahanati iko mita 300 ila kati yenu kuna reli na kivuko kiko mbali huko, au kuna barabara ya njia sita na taa ya waenda kwa miguu inawaka sekunde chache asifike hata nusu.

Kama anaweza kusafiri nenda naye. Mwache atembee mwenyewe mpaka dukani na kurudi, wewe kaa nyuma yake kimya, uangalie anashika wapi, anasimama wapi, kuna pa kukaa au anaegemea ukuta. Akigeuka kabla hajafika, tafuta nyumba nyingine hata kama hiyo jiko lake limekupendeza.