Laptopu Haiwaki, Picha Zimo Ndani

SWALI: Laptopu yangu ya zamani inafika kwenye nembo ya Windows, kisha inajizima. Fundi wa Kariakoo anataka kuipiga Windows upya, lakini ndani kuna picha za harusi na hesabu za duka. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, mzuie fundi kwanza. Windows mpya inaweza kuandikwa juu ya faili zako, na kilichoandikwa juu hakirudi. Nembo ikitokea, mara nyingi diski bado inasomeka.

Chomoa chaja na betri, fungua skrubu za mfuniko wa chini, toa diski. Nyingi za laptopu za zamani ni za SATA (aina ya kiunganishi cha diski), inchi 2.5. Nunua waya wa SATA kwenda USB, uichomeke diski kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi.

Ukiulizwa kama unataka kufomati diski (kuifuta na kuiandaa upya), kataa! Faili zako zimo kwenye folda ya Users. Ukiambiwa huna ruhusa, kubali kuendelea kwa akaunti ya msimamizi. Diski ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data ya diski), ni tarakimu 48. Huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Anza kunakili hesabu, ni nyepesi, picha zifuate.

Ukisikia diski inagonga tak-tak, chomoa papo hapo. Vichwa vya kusomea huenda vinakwaruza sahani za ndani zinazobeba data, na kila ukiiwasha unapoteza zaidi. Hiyo mpelekee mtaalamu wa kuokoa data, na asiifungue mezani penye vumbi.