Choya imejaa majani, maua hakuna

Pole dada, lakini usiing'oe hiyo choya (rozela, ule mmea wa juisi nyekundu). Umesema uliipanda Morogoro mwanzoni mwa masika, ubavuni mwa banda la kuku, na sasa imekupita kimo bila ua hata moja. Mbolea ya kuku ndiyo ninayoishuku kwanza: ikizidi, choya hukimbilia majani. Acha kuiongezea, na kata matawi yanayoikinga na jua, maana hii inataka jua la kutwa. Halafu vuta subira. Choya hungoja siku zipungue urefu ndipo ichanue, na kwetu kusini mwa ikweta siku fupi kabisa ni za Juni.

Wakati unangoja, kula majani. Machanga ni machachu, ukiyachanganya na mchicha huhitaji ndimu.

Ua likishanyauka, hesabu kama wiki mbili hadi tatu. Ile nyama nyekundu inayofunika kitumba cha mbegu itanenepa. Ichume ikiwa bado inakatika kwa vidole, kabla haijawa na nyuzi. Toa kitumba, anika nyama kivulini penye upepo. Kwa juisi, chemsha na tangawizi kwenye sufuria ya stili, kwani uchachu wake hula alumini.

Kama kuna anayetumia dawa za presha hapo nyumbani, amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku, kwa sababu choya nayo hushusha presha.

Viache vitumba vichache vikaukie mtini, utapata mbegu za msimu ujao.