Wazee wetu walisomeshaje kwa kihamba cha eka moja? Nieleze ya kwetu Machame

Mkuu, umeuliza mzee wa kijijini aliwezaje kusomesha watoto saba kwa kihamba (shamba la nyumbani la Mchagga) cha eka moja na ushee, hana mshahara wala pensheni. Waliotangulia kukujibu wamesema "kahawa" wakamaliza. Mimi nimezaliwa Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, baba alikuwa mkulima mpaka anafariki mwaka 2009, na kwa niliyoyaona nyumbani, hilo jibu ni nusu.

Hela ya kahawa ilikuja kwa msimu, tena kwa mafungu: malipo ya awali ukipeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, halafu unangoja nyongeza baada ya mnada wa Moshi. Ukianza kuila kwa sukari na mafuta ya taa, Januari inakukuta mikono mitupu. Baba aliizuia isiguswe. Hata kilabuni Jumapili alikunywa mbege kata moja, ya pili mpaka anunuliwe. Watu walimwita bahili na alijua.

Sasa tulikula nini? Hapo ndipo wengi mnaruka. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Kwa desturi yetu kahawa ni ya baba, mgomba na ng'ombe wa maziwa hela yake inaingia mkononi mwa mama, na baba hakuwahi kuuliza salio. Soko la ndizi ndilo lililotununulia chumvi, sabuni na madaftari mwaka mzima.

Na vitu vyenyewe vilitegemeana. Ng'ombe wetu hawakutoka bandani. Walikula majani, migomba iliyokatwa na maganda ya ndizi; samadi yao ikarudi kwenye mashimo ya migomba, na mibuni chini yake ikanufaika kwa mbolea na kivuli. Majani yalikatwa Nusu Maili, ule ukanda wa msitu juu ya vijiji, au yakatoka tambarare kwenye shamba la mahindi. Tuseme ukweli, mzigo wa majani kichwani ulikuwa wa mama na sisi watoto. Baba akisifiwa kwa kihamba kizuri alikuwa anakohoa kidogo tu, hatoi ufafanuzi.

Ila kwenye kahawa yenyewe sijaona mtu wa kumfikia. Alichuma zilizoiva nyekundu peke yake, ukimletea ya kijani kwenye kikapu anaitoa mbele yako bila kusema neno. Jioni ile ile inamenywa kwa mashine ya mkono, inavundikwa siku mbili tatu kutegemea baridi, halafu inaoshwa. Alijua imetakata kwa kuisugua kiganjani: utelezi ukiisha, punje zinakwaruzana kama kokoto. Kisha vichanjani, na mtu wa kuigeuza hakosekani. Wingu likitanda juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila mtu anakimbilia turubai. Kujua kama imekauka aling'ata punje. Ikibonyea jino, inarudi juani hata kama jirani ameshapeleka yake. Mbuni pia ulitaka kupogolewa na kupigwa mrututu, dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, kwa bomba la mgongoni, maana chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha kahawa mtini, ikiingia unavuna maganda meusi. Rangi ya buluu ya ile dawa haikutoka kwenye shati lake la kazi.

Maji nayo yalikuwa kazi. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, una zamu, na zamu ikikuangukia usiku unaamka na jembe na taa, vinginevyo wa juu yako anaziba. Siku ya kusafisha mfongo, asiyefika anatozwa. Baba hakutozwa hata mara moja, na aliwachongea wasiofika bila haya.

Halafu ikaja 1989. Mkataba wa kimataifa uliokuwa unapanga mgao wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na dawa za mibuni zikazidi kupanda. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katikati ya miaka ya tisini, mmoja wao alichukua mzigo wa baba kwa ahadi ya fedha kesho. Kesho hiyo hatukuiona. Majirani wengi waling'oa mibuni wakapanda mboga. Baba aligoma kung'oa, na hapo mimi namlaumu kidogo, kwa sababu wadogo zangu walikuwa sekondari, na kwetu sekondari nyingi zilikuwa za wazazi na za makanisa, ada juu.

Ada hiyo ililipwa na maziwa. Machame hapo hapo, kijiji cha Nronga, akina mama walikuwa wameshaanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, kwa hiyo mama zetu waliona kwamba lita zikiunganishwa ni fedha ya kueleweka. Mama alitoa hela, baba akaivalia koti, akapanda daladala kwenda kulipa mwenyewe shuleni, na risiti ikatoka kwa jina lake. Mama alizikunja zote akazitia kwenye sanduku la vitenge. Nadhani ilimchekesha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama leo inawezekana, nakujibu kwa hesabu ile ile. Kahawa peke yake, hapana. Kihamba nacho kimepungua, maana wa kwanza alishapewa sehemu yake na mwingine akaomba pa kujenga. Kitinda mimba wetu ndiye aliyebaki na nyumba ya baba kama desturi inavyotaka. Amebadilisha mibuni kidogo kidogo kwa miche chotara ya Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, mrututu kaachana nao, na ana ng'ombe watatu. Shemeji ndiye anayeshika hela ya maziwa. Kama una kihamba kimelala huko kwenu, anza na banda la ng'ombe, miche ifuate mvua za masika.