Babu aliyepelekwa Australia kwa meli ya wafungwa: anza Sydney, si Dublin

SWALI: Mke wangu ni mzaliwa wa Sydney. Kwao husimuliwa kwamba babu wa babu yake, wa ukoo wa Ryan kutoka Tipperary, Ireland, alipelekwa New South Wales akiwa mfungwa miaka ya 1830, akafariki huko mwaka 1861. Kwenye hifadhidata ya wafungwa waliopelekwa Australia, ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland huko Dublin, nimekuta watu kadhaa wenye jina lake. Mti wa ukoo mmoja mtandaoni umeshamchagua mmoja wao. Nimfuate huyo?

JIBU: Usimfuate mpaka aliyeutengeneza mti huo akuoneshe jina la meli, na hati inayothibitisha kwamba mtu wa meli hiyo ndiye aliyefariki 1861. Akina Ryan wamejaa Tipperary, na jina peke yake halithibitishi kitu.

Agiza cheti cha kifo. New South Wales ilianza usajili wa serikali Machi 1856, kwa hiyo cha 1861 kina nafasi ya mahali alipozaliwa, wazazi wake, ndoa yake na miaka aliyoishi koloni. Toa miaka hiyo kwenye 1861 upate mwaka wa kufika, kisha ongeza na upunguze miwili mitatu, kwa kuwa mtoa taarifa mara nyingi alikisia, na familia nyingi zilificha habari za kifungo. Kama alioa kabla hajamaliza adhabu, alihitaji idhini ya Gavana. Daftari za maombi hayo, 1826 hadi 1851, hutaja meli aliyokuja nayo.

Ukishapata meli, fungua orodha ya wafungwa wake. Za miaka ya 1830 zinaeleza umri, dini, kazi, kaunti ya kuzaliwa, kosa, tarehe na mahali pa hukumu, kimo, rangi ya macho, hata makovu. Linganisha na kibali chake cha kujitafutia riziki nje ya gereza: aliyehukumiwa miaka 7 kwa kawaida alikipata baada ya 4, wa 14 baada ya 6, wa maisha baada ya 8. Wa maisha usimtafutie hati ya uhuru, ile ya aliyemaliza kifungo, maana hakupewa. Tafuta msamaha.

Sasa hiyo hifadhidata ya Dublin, inayopotosha watu kila siku. Daftari za Ireland za wafungwa waliopelekwa ng'ambo kabla ya 1836 ziliteketea mwaka 1922 huko Dublin, katika majengo ya mahakama ya Four Courts yaliyokuwa na hifadhi ya nyaraka. Kwa miaka hiyo, majina mengi yametoka kwenye maombi ya huruma ya wafungwa na jamaa zao. Asiyeomba huenda hayumo kabisa. Aliyeomba huenda alipunguziwa adhabu asipande meli yoyote. Na Mwairishi aliyehukumiwa Liverpool aliondoka kwa meli ya Uingereza, kwa hiyo utamkuta London, kwenye daftari za wafungwa za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, namba HO 11, zilizoko Hifadhi ya Taifa, mtaa wa Kew.

Hapo ndipo wauza ndoto wanapoingia: “Kila kitu kiliungua, tulipe tukutafutie,” kisha wanakukabidhi nembo ya ukoo na mti walionakili kwa wenzao. Si kweli! Karatasi za wafungwa zilikabidhiwa kwa Gavana kule Sydney, na moto wa Dublin haukuzifikia. Faharasa za hifadhi ya nyaraka ya New South Wales unazisoma bure. Kipimo cha DNA nacho kinaweza kukuonesha ndugu, lakini hakitakutajia meli.

Rudi Ireland ukiwa na kaunti na tarehe ya hukumu mkononi. Soma magazeti ya wiki ile alipohukumiwa, kisha daftari za ubatizo za Wakatoliki, zilizowekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ireland. Angalia pia kwamba mahali pa hukumu si lazima pawe pa kuzaliwa: wapo waliolipia upekuzi wa parokia za Limerick kwa sababu tu mahakama ilikaa huko, huku orodha ya meli, ambayo hawakuwahi kuifungua, imeandika kwamba alizaliwa kaunti jirani ya Clare.